Seva Ijizimayo Usiku

SWALI: Seva yangu ya FreeBSD hujizima na kujiwasha yenyewe nyakati za usiku, na faili la kumbukumbu limejaa malalamiko ya diski. Je, ninunue diski mpya?

JIBU: Usiharakishe kutoa fedha, ndugu yangu, kwani mara nyingi diski huhukumiwa kwa dhambi ya waya wake. Anza kwa kuyasoma maandishi ya /var/log/messages yaliyotangulia kila ajali. Kisha, kwa amri ya smartctl -a, tazama hesabu ambayo diski yenyewe huiweka juu ya afya yake. Ikiwa hesabu ya nambari 199, iandikayo makosa ya mawasiliano, yazidi kupanda, ilhali zile za 5 na 197, za sehemu zilizoharibika, zimetulia katika sifuri, basi badili waya. Hesabu haitarudi nyuma, lakini ikikoma kupanda, dawa imepatikana. Lakini zikipanda zile za 5 na 197, nakili data yako kabla ya lolote jingine.

Ama kuhusu kujizima, andika dumpdev="AUTO" katika /etc/rc.conf; kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikianguka, mara nyingi itaacha wasia wake katika /var/crash, nao waweza kukuonyesha draiva iliyohusika. Mashine ikizimika pasipo kuacha athari yoyote, ituhumu pawasaplai, joto au RAM. Maana umeme dhaifu waweza kuzaa maradhi yote mawili kwa pamoja.