Sanduku la Pikipiki Likipasuka: Litengenezwe au Libadilishwe?

Sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki huchukua dawa za zahanati, karatasi za mitihani na vipuri vya mafundi. Likipasuka, mwenye chombo hununua gundi yoyote aionayo dukani, akapaka, akafunga safari. Kwenye shimo la kwanza gundi huachia, na sanduku likaanguka mbele ya gari linalofuata. Kosa si la gundi. Kosa ni kutojua sanduku limetengenezwa kwa kitu gani. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kukitambua kitu hicho na kukitengeneza ipasavyo.

1. Kuitambua plastiki

Masanduku mengi ni ya plastiki, na mara nyingi herufi ABS, PP (polipropilini) au PE (polithini) huwa zimechapwa upande wa ndani. Zisipoonekana, kata kipande kidogo mahali palipojificha, kisha kizamishe katika maji yenye matone machache ya sabuni, ili viputo vya hewa visikishikilie. PP na PE zina densiti iliyo chini ya gramu 1 kwa sentimeta moja ya ujazo. Kwa hiyo huelea. ABS, yenye densiti ya 1.05 hivi, huzama. Kwa kuwa ziko plastiki nyingine zinazozama, thibitisha kwa tone la asetoni: ABS hulainika na kunata, lakini PP na PE hazibadiliki.

2. Kuuzuia ufa

Kabla ya kuunga, toboa kwa kekee tundu la milimeta 3 hivi kwenye ncha ya ufa. Jambo hili laweza kumshangaza mwanafunzi: twatengenezaje kwa kutoboa? Ncha ya ufa ni kali, na kani yote hukusanyika hapo. Tundu la mviringo huitawanya kani hiyo, na ufa hauendelei upesi.

3. Kuunga

Kwa ABS, loweka vipande safi vya ABS katika asetoni ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa, mpaka viwe kama uji mzito. Parua kingo za ufa, jaza uji huo, na uache siku moja au zaidi ukauke. Tahadhari! Mvuke wa asetoni hushika moto kwa urahisi sana. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara.

PP na PE hazikubali dawa hii, wala gundi za kawaida. Huungwa kwa joto, kwa kutumia ufito wa plastiki ya aina ile ile. Asiye na kifaa hicho apigilie kiraka cha bati la aluminiamu kwa ribiti na washa pana.

4. Wakati wa kubadilisha

Ufa ulio katikati ya ubavu watengenezeka. Ulio kwenye vishikizo au bawaba ni jambo jingine. Tuseme mzigo ni kilogramu 5. Pikipiki ikisimama, vishikizo huubeba kwa kani ya nyutoni 50 hivi. Ikipiga tuta na kuurusha mzigo juu kwa mchapuko wa mita 20 kwa sekunde mraba, basi:

F = m(g + a) = 5(10 + 20) = nyutoni 150

Kani imekuwa mara tatu, na hujirudia kila tuta. Kwa hiyo kishikizo kilichovunjika kibadilishwe. Kisipopatikana peke yake, libadilishwe sanduku zima. Shilingi chache zilizookolewa hazilingani na uhai wa anayefuata nyuma.

Maswali

1. Kusanya vipande vya ndoo, chupa na madumu yaliyovunjika. Vipi vinaelea, na kwa nini?
2. Kata mkato mdogo ukingoni mwa karatasi, na katika karatasi ya pili kata nusu duara yenye kina hicho hicho. Zivute zote mbili. Ipi huchanika kwanza?
3. Mzigo ukiwa kilogramu 8, kani kwenye tuta lile lile ni nyutoni ngapi?