Taa Nyekundu ya Oili: Isipowaka, Usiondoe Lori

Ndugu mkulima, lori la diseli lina taa ndogo nyekundu mbele ya dereva, yenye alama ya kopo la oili. Kazi yake ni kukuonya kwamba oili haisukumwi ndani ya injini. Oili isipofika kwenye beringi, chuma husagana na chuma, na injini yaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Hapo fedha za mavuno huishia kwa fundi, na mkopo wa shamba bado wadaiwa.

Kila asubuhi fanya hivi:

1. Lori likiwa mahali tambarare, pima oili kwa kijiti chake.
2. Zungusha ufunguo bila kupiga stata. Taa lazima iwake.
3. Piga stata. Taa lazima izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja.

Taa isipowaka katika hatua ya pili, usifurahi: mlinzi wako amelala. Malori mengi ya zamani yana swichi ya oili yenye waya mmoja. Ufungue waya huo, uuguse kwenye chuma cha injini, ufunguo ukiwa bado umezungushwa. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, kagua balbu, fyuzi na waya.

Malori ya kisasa hutumia kompyuta. Hayo mwachie fundi anayeyajua. Na kiwanda kikitangaza kwamba malori ya aina yako yarudishwe kwa kasoro ya taa za kuonya, mpelekee wakala wake namba ya chesisi bila kukawia. Balbu ni ya bei ndogo, injini sivyo.