Somo la Robo Hii: Jengo Lihesabiwe Kabla ya Msingi



Musoma, Bunda na Butiama, maboma yasiyo na paa si mageni. Hata jengo la hospitali ya rufaa ya mkoa, Kwangwa, lilikaa miongo kadhaa bila kukamilika. Fedha hukatika, lakini mara nyingi pia makadirio hayakulingana na ramani.

Njia mpya
Siku hizi wahandisi hulijenga jengo zima kwenye kompyuta kwanza. Njia hii huitwa BIM. Ramani ya karatasi ni mistari tu. Hapa kila ukuta hubeba vipimo, aina ya tofali na bei. Kwa mfano, ukuta wa mita 20 kwa 3, ukitoa mita 10 za mraba za madirisha, hubaki mita 50 za mraba: tofali 500 hivi za inchi 6. Mkiongeza dirisha, hesabu hujirekebisha. Bomba likigongana na nguzo, huonekana kabla zege halijamwagwa. Uingereza iliagiza njia hii kwa miradi ya serikali kuu mwaka 2016.

Tahadhari
Kompyuta haipimi udongo. Udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasua kuta. Bei ikiingizwa kimakosa, jumla nayo itakosewa.

Maswali ya kamati
1. Nani amehakiki idadi ya vifaa?
2. Udongo umepimwa?
3. Fedha zikiisha katikati, sehemu ipi itakuwa tayari kutumika?

Mwenye kuchangia tofali moja ana haki ya kujua limejengwa wapi.