Kuchuja Mafuta ya Mawese

Ninyi wakulima wa Lusangi, mafuta machafu huharibika upesi, nani atayanunua? Fanyeni hivi:

1. Chemsheni ngazi mapema. Zikikaa siku nyingi, mafuta huwa makali.

2. Twangeni, kamueni, kisha chujeni kwa kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani.

3. Kitambaa huzuia nyuzi na takataka, lakini maji hupita. Basi rudisheni mafuta motoni mpaka povu na mlio viishe.

4. Tieni katika chombo kikavu, mkifunike.

Angalieni sana, ninyi mlio karibu na machimbo ya dhahabu: kitambaa kilichokamuliwa zebaki kisichuje chakula kamwe, hata kikifuliwa mara kumi. Zebaki ni sumu, nayo humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Wala msikichome, moshi wake ni sumu vilevile.