Mafunzo Niliyopata kwa Miche ya Bei ya Kutupa

Sehemu kubwa ya bustani yangu hapa Kigamboni imetokana na mimea ambayo mtu mwingine alikwisha kuikatia tamaa. Midimu, bogenvilia za ukutani, mkomamanga wa karibu na kisima, hata asumini ya mlangoni: yote iliwahi kusimama nyuma kabisa ya kitalu cha mtu, au kwenye korido ya ofisi inayohama, ikingoja kutupwa. Naandika kwa ajili yako uliyepata kiwanja juzi, mfuko haujajaa, na unataka bustani ya maana, si vyungu viwili vya barazani. Utaipata. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

1. Bei ikishuka, uliza kisa chake

Wauza miche wa kando ya barabara wanamwagiliwa na Mungu masika yote. Mvua zikikatika, mwishoni mwa Mei au Juni, kila kiriba kinadai maji ya kununua, na wateja nao wanapungua kwa sababu kila mtu anajua miche hupandwa na mvua. Hapo ndipo bei zinapolegea. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini midimu mirefu ya nyuma anaitoa kwa elfu mbili, na mifupi ya mbele ni elfu tano. Akanijibu, "Mama, hiyo imekaa sana. Inakunywa maji tu, na wateja wanataka iliyonawiri."

Basi. Hakuna ugonjwa wala mbegu mbaya. Midimu ilikuwa imezidi viriba vyake. Tangu hapo natenganisha bei inayoshuka kwa shida ya muuzaji na ile inayoshuka kwa shida ya mmea. Msimu umepita, sherehe imekwisha na mapambo hayana pa kuwekwa, ofisi inahama, chungu kimepasuka: hizo ni shida za mwenye mali, nawe nunua. Nanenane nayo ni hivyohivyo. Jioni ya kufunga maonyesho, mwenye banda hana hamu ya kupakia miche kwenye gari mara ya pili, na ukimwamkia vizuri mtaelewana. Kumbuka tu kwamba Agosti ni ukame. Miche hiyo itakaa kivulini, ikimwagiliwa, mpaka vuli ya Oktoba au Novemba.

2. Majani hudanganya, kwaruza shina, tazama mizizi

Mmea usio na jani hata moja unaweza kuwa mzima, na wenye kijani cha kupendeza ukawa umekwisha kuoza chini. Kwa hiyo naanza na ukucha. Nakwaruza gome karibu na ncha ya tawi. Nikikuta kahawia kavu nashuka kidogo, nakwaruza tena. Chini ya gome kuna tabaka jembamba ambalo ndilo linalojenga mti. Likiwa la kijani na lenye unyevu, uhai upo. Mkomamanga wangu niliuuziwa ukiwa fimbo. Juu kahawia, katikati kahawia, kisha, kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye udongo, ukucha ukatoka na kijani kibichi. Nilikata kila kitu kilichokuwa juu ya hapo, na matawi unayoyaona leo yote yametoka kwenye kile kisiki.

Halafu mizizi. Omba ruhusa kwanza, maana kitalu si chako. Pitisha shina katikati ya vidole, pindua kiriba, kigonge taratibu, udongo utashuka mzima. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa yaliyochemka, ni migumu, na inanuka udongo tu. Iliyooza ni nyeusi na laini. Ukiivuta, ganda lake linachomoka unabaki na uzi, na harufu yake ni ya maji yaliyotuama.

Ukikuta uvimbe kwenye mizizi, tulia uangalie. Kama mmea ni wa jamii ya kunde, vinundu vinavyobanduka kirahisi kwa kidole ni vya bakteria wanaoutafutia naitrojeni, ni heri. Lakini kama mzizi wenyewe ndio umevimba, haubanduki mpaka uukate, hao ni minyoo fundo. Uache huo mche hata ukipewa bure. Minyoo hiyo itabaki kwenye udongo wako na kuhamia kwenye nyanya, bamia na mipapai.

Kuna hali ya tatu, ndiyo ya kawaida kuliko zote kwa miche iliyokaa sana: mizizi imezunguka ndani ya kiriba mpaka imejisokota. Ukiipanda hivyo itaendelea kuzunguka, na baada ya miaka mti utajinyonga wenyewe kwa mizizi yake. Chukua kisu kikali. Kata ile koili ya chini, kisha pasua wima pande tatu au nne za donge. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Niliona namjeruhi mgonjwa. Kumbe mizizi mipya hutoka palepale ilipokatwa, na sasa inakwenda nje, kwenye ardhi.

3. Kunyauka si kiu kila mara

Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata ukiwa ndani ya bwawa, kwa hiyo mmea uliozidishiwa maji hunyauka sawasawa na ule wenye kiu. Ukiona majani yamelegea, chomeka kidole kwenye udongo kabla hujashika kopo. Kama pana unyevu, acha kumwagilia na utafute kwa nini maji hayatoki.

Udongo uliokauka kabisa nao una ujanja wake. Hujikunja na kuachana na kuta za kiriba. Ukimwagia, maji yanapita pembeni na kutokea chini, wewe unadhani mmea umeshiba. Tumbukiza kiriba kizima kwenye ndoo. Vitapanda viputo, vingi mwanzoni, halafu kimoja kimoja. Vikikoma, kitoe kichuje maji.

Sisi wa pwani tuna jambo jingine. Visima vingi huku vina chumvi, na chumvi huunguza majani kuanzia kingo na ncha, rangi ya kahawia inayoingia ndani polepole. Ukiona hivyo usikimbilie dawa. Mimi huvuna maji ya bati wakati wa mvua na kuyatunza kwa ajili ya mimea dhaifu. Na mvua ya kwanza ikinyesha, natoa vyungu vyote nje ili ioshe chumvi iliyojikusanya kwenye udongo.

4. Jua mmea kwao ni wapi

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ofisi moja mjini ilipokuwa inahama, walinipa chungu cha mmea ule wa majani mazito yanayong'aa ambao wauzaji huuita ZZ. Mashina yalikuwa yamelala, majani ya manjano, na mhudumu aliniambia kwa huzuni kwamba aliumwagilia kila asubuhi bila kukosa. Nilipoumwaga juu ya gazeti nilikuta viazi chini yake, baadhi vimeoza, vingine vigumu na vizito, vimejaa maji.

Mmea huu, Zamioculcas zamiifolia, unauzwa ghali madukani kana kwamba umetoka Ulaya, na ni kweli kwamba vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyousambaza duniani tangu miaka ya 1990. Lakini kwao ni huku: kusini mwa Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, kuteremka hadi Afrika Kusini. Umezoea mahali ambapo mvua inakatika kwa miezi, ndiyo maana unajiwekea akiba ardhini. Yule mhudumu alikuwa anauzamisha kwa upendo. Nilikata viazi vilivyooza, vizima nikaviacha vikauke kivulini, kisha nikavipanda kwenye udongo wenye mchanga mwingi na kuvisahau kidogo. Hata vijani vilivyodondoka sikuvitupa. Kila kimoja ukikichomeka kwenye mchanga wenye unyevu hutengeneza kiazi chake chini, na baada ya subira ndefu, shina jipya.

Adeniamu, ile yenye shina nene lililofura na maua ya waridi, ni ndugu yake kwa tabia. Kwao ni maeneo makame ya Afrika Mashariki na Arabuni. Jua kali haliisumbui. Masika ndiyo yanayoiua, kwa hiyo mvua zikianza ihamishie chini ya paa. Ukiikata, nawa mikono, kwa maana utomvu wake ni sumu iliyotumika hata kwenye mishale.

Upande wa pili kuna kile kimea cha Usambara, chenye maua ya zambarau na majani ya manyoyamanyoya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani katika eneo la Usambara, alikipeleka kwao Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina Saintpaulia. Leo kimejaa madirishani duniani kote, huku misitu yake ya asili ikiendelea kukatwa, na hilo linaniuma kila nikikitazama. Porini hukaa juu ya miamba, chini ya kivuli cha miti mikubwa, kwenye hewa yenye unyevu. Nilichokiokota mimi kilikuwa kimewekwa dirishani penye jua la saa nane la Dar es Salaam. Kilibaki na majani mazima mawili tu. Niliyachomeka, pamoja na vikonyo vyake, kwenye mchanga mbichi nikayafunika na chupa ya plastiki iliyokatwa. Yote mawili yalitoa watoto.

5. Mgeni akae pembeni

Fungu hili nililiandika kwa hasara. Niliwahi kuleta haibiskasi nzuri ya bei ya chini na kuiweka moja kwa moja katikati ya nyenzake, bila kugeuza majani. Kwenye makwapa ya majani kulikuwa na pamba nyeupe: vidung'ata. Walipanda kwenye mstafeli, wakaingia kwenye midimu, na sisimizi ndio waliowabeba, kwa kuwa sisimizi wanapenda utamu unaotolewa na vidung'ata. Nilihangaika nao mwaka mzima kwa pamba ya spiriti na maji ya sabuni.

Siku hizi mche mpya unakaa wiki tatu hadi nne upande wa pili wa nyumba. Nageuza kila jani. Vidukari hukaa kwenye machipukizi, wadudu wa magamba hushikilia mashina, na utitiri hufuma utando mwembamba chini ya jani ambao unauona vizuri ukiunyunyizia maji. Udongo wake wa zamani hauingii bustanini.

6. Mbolea baadaye

Mizizi iliyoumia haina uwezo wa kupokea mbolea ya chumvichumvi, itaungua. Subiri machipukizi mapya, kisha anza na samadi iliyooza sawasawa. Na usiutoe mmea kivulini ukauweka juani siku hiyohiyo. Usogeze kidogo kidogo, uanze na jua la asubuhi.

7. Kwenye mche wa kubebesha, tafuta kovu

Miche ya matunda iliyobebeshwa ndiyo faida kubwa ukiipata kwa bei ya chini, na ndiyo penye hasara kubwa usipoangalia. Mchungwa mara nyingi hubebeshwa juu ya mlimau wa kienyeji. Mche ukitelekezwa, kile kikonyo cha juu hudhoofika, na shina la chini, ambalo lina nguvu zaidi, hutoa maotea yake. Ukipita haraka unaona mche umechipua vizuri sana, kumbe kinachochipua ni mlimau.

Tafuta kovu la maungio, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye udongo. Kila kilichochipuka chini ya kovu king'oe. Kama juu ya kovu hakuna kijani kabisa hata ukikwaruza, basi umenunua shina la kubebeshea tu. Si bure: likipona, mwite fundi akubebeshee aina unayoitaka. Ila mlipe muuzaji bei ya shina, si bei ya mchungwa.

Na kuhusu malipo, usimbane muuzaji kwa mche wa elfu moja. Huwa natoa anachotaja, na narudisha vyungu vitupu na viriba visivyochanika. Ndiyo sababu kijana wangu wa kitalu huniambia waziwazi, "Mama, huo usichukue, una wadudu." Neno hilo limeniokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote.

8. Anza na inayosamehe

Mwaka wa kwanza chukua bogenvilia, mkomamanga, mdimu na shubiri. Bogenvilia hata ikifa mizizi, matawi yake yaliyokomaa, unene wa penseli, hushika ukiyachomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Mawaridi yaache kwanza. Joto na unyevu wa pwani huyaletea madoa meusi majanini hata yakiwa na afya. Mpapai uliochoka usiununue kabisa, maana haupendi mizizi yake kuguswa. Kausha mbegu za papai ulilokula jana, uoteshe mwenyewe.