Kunusa na Kusikia Harufu: Pua ya Mgonjwa Baada ya Kuondolewa Zoloto

Utangulizi

Mwanafunzi wa fonetiki hufunzwa mapema kuwa zoloto ndimo zilimo nyuzi za sauti, na kuwa nyuzi hizo zisipotetema hapatikani sauti ghuna. Kwa hiyo anaposikia kwamba mtu ameondolewa zoloto kwa sababu ya saratani, jambo la kwanza analolifikiria ni usemi. Ndivyo walivyofikiri matabibu pia. Tangu Theodor Billroth afanye upasuaji huo mjini Vienna mwaka 1873, juhudi nyingi zimeelekezwa katika kumrejeshea mgonjwa sauti: usemi wa kutumia umio, kifaa cha umeme kinachobanwa shingoni, na vali ndogo baina ya njia ya pumzi na umio, ambayo Blom na Singer waliitangaza nchini Marekani mwaka 1980. Makala haya yanaangazia hasara nyingine isiyotajwa sana, yaani kupotea kwa harufu. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoieleza hasara hiyo kwa usahihi, na kwamba usahihi huo una manufaa kwa mgonjwa.

Njia Mpya ya Pumzi

Kabla ya upasuaji, hewa hupitia puani au kinywani, ikashuka kooni hadi mapafuni. Zoloto ikishaondolewa, njia ya pumzi hufunguliwa katika tundu lililo sehemu ya chini ya shingo. Kuanzia hapo mgonjwa huvuta na kutoa pumzi kupitia tundu hilo, na mkondohewa wa mapafu haufiki tena kwenye chemba ya pua. Hawezi kupenga kamasi kama zamani wala kupuliza uji wa moto upoe. Hata kitamkwa /h/, ambacho huundwa kwenye glota, humtatiza.

Harufu nayo husafiri kwa hewa. Chembechembe zake hazina budi kufika juu kabisa ndani ya pua, zilipo seli za neva ya harufu. Hewa isipopita puani, chembechembe hizo hubaki nje. Neva haijakatwa wala ubongo haujadhurika. Kilichokosekana ni upepo wa kuleta ujumbe.

Ushahidi wa Lugha

Kiswahili hutofautisha kunusa na kusikia harufu. Kunusa ni tendo la kukusudia: mtu huvuta hewa puani. Ndiyo maana ugoro hunuswa. Kusikia harufu ni kupokea, kama mtu anavyosikia sauti, njaa au maumivu. Mtu aweza kusikia harufu ya mchuzi wa jirani bila kunusa chochote, kwa kuwa pumzi ya kawaida imemletea. Aliyeondolewa zoloto amepoteza namna ya kunusa, na kwa sababu hiyo wengi hawasikii harufu. Lakini uwezo wenyewe wa kusikia haujafa. Akiambiwa tu kwamba "pua yake haifanyi kazi tena," huenda akakata tamaa. Akielezwa kuwa hewa imebadilisha njia, atauliza kama yawezekana kuirudisha.

Athari katika Maisha

Athari ya kwanza ni usalama. Gesi ya kupikia hutiwa kemikali yenye uvundo makusudi ili ikivuja watu watambue; onyo hilo halimfikii mgonjwa huyu. Vivyo hivyo moshi wa kitu kinachoungua jikoni, au mboga iliyochacha.

Ya pili ni chakula. Ulimi hutambua utamu, uchungu, uchachu na chumvi, lakini mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka kinywani. Katika chai ya iliki, mgonjwa hupata joto na utamu wa sukari, ila iliki yenyewe hafaidi.

Ya tatu ni utangamano na watu. Vitenzi nuka na nukia vina mzizi mmoja, lakini kimoja ni aibu na kingine ni sifa. Mtu asiyesikia harufu hajui kama ananuka au ananukia. Hutegemea uso wa mwenzake, na wengine huona heri kukaa mbali na watu. Pwani, ambako udi na asmini ni sehemu ya heshima ya mgeni na ya ndoa, hasara hii ni kubwa zaidi.

Mwayo wa Staha

Mnamo mwaka 2000, Frans Hilgers na wenzake wa mjini Amsterdam, Uholanzi, walichapisha mbinu inayoweza kuitwa mwayo wa staha. Mgonjwa hufumba midomo, kisha hushusha taya, ulimi na kaakaa laini, kama mtu anayeficha mwayo mbele ya wakubwa. Nafasi ya kinywa hupanuka, shinikizo la hewa ndani hupungua, na hewa ya nje huvutwa kupitia puani. Tendo hilo hurudiwarudiwa kwa haraka. Halihitaji dawa wala kifaa, bali mafunzo na mazoezi ya mara kwa mara hadi liwe mazoea. Si kila mgonjwa hufaulu, lakini wanaofaulu hunusa tena kwa mapafu yasiyohusika kamwe.

Hitimisho

Imebainika kwamba ubora wa maisha baada ya kuondolewa zoloto haupimwi kwa sauti pekee. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao baadhi yao watakuwa wafasiri na wakalimani hospitalini, wana wajibu hapa. Maelezo ya mgonjwa yakiandikwa kwa kuzingatia tofauti kati ya kunusa na kusikia harufu, yatamfahamisha alichopoteza, alichobaki nacho, na anachoweza kujifunza upya.