SOMO LA MWEZI: WALIOIMBA KABLA MILANGO HAIJAFUNGUKA

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 16:19-26.

Wako wasemao kwamba kazi ya mwimbaji ni kuburudisha au kumsifu Mungu tu, mambo ya utawala asiyaguse. Tuwatazame waimbaji wa Afrika ya Kusini, ambako tangu 1948 hadi 1994 serikali ya Makaburu iliwatenga watu kwa rangi zao. Hao si wageni kwetu: sauti ya wimbo wetu wa Taifa ilitungwa na mwalimu wa huko, Enoch Sontonga, mwaka 1897.

1. Kijana na tarumbeta
Padre Trevor Huddleston, Mwanglikana kutoka Uingereza, alihudumu Sophiatown, Johannesburg. Katika shule ya Mtakatifu Petro alikuwapo mwanafunzi mtundu, Hugh Masekela. Alimwambia Padre kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padre akampatia, na wenzake nao walipopata vyombo ikawa bendi. Mwaka 1955 serikali ilianza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu. Padre, aliyewatetea, aliitwa na shirika lake arudi Uingereza. Kisha akawa Askofu wa Masasi, nchini kwetu, 1960 hadi 1968. Masekela naye aliishi ugenini miaka mingi, na katika miaka ya 1980 tarumbeta yake ilidai Nelson Mandela afunguliwe.

2. Dada aliyefungiwa mlango
Miriam Makeba alitoka kwao mwaka 1959 kwenda kuimba ng'ambo. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye akazuiwa kurudi kumzika. Mwaka 1963 alieleza mateso ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Santuri zake zikapigwa marufuku nyumbani. Alirudi mwaka 1990.

3. Sauti ya gerezani
Vuyisile Mini wa Port Elizabeth alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, mwenye sauti nzito, mtunzi wa nyimbo za kumwonya Waziri Mkuu Verwoerd. Alijiunga pia na mapambano ya silaha, na juu ya njia hiyo Wakristo wamehitilafiana. Tarehe 6 Novemba 1964 alinyongwa Pretoria pamoja na wenzake wawili. Wafungwa waliokuwamo walishuhudia kwamba walikwenda wakiimba.

Tunajifunza nini?
Wimbo peke yake haukuuangusha ubaguzi. Ilihitajika migomo, vikwazo vya mataifa na damu ya wengi. Lakini askari aweza kuchoma gazeti na kuvunja mkutano; wimbo uliokwisha kushikwa kichwani haupekuliki mfukoni. Hata asiyejua kusoma huubeba.

Tena angalieni: Paulo na Sila hawakungoja milango ifunguke ndipo waimbe. Waliimba ingali imefungwa. Masekela na Makeba waliiona ikifunguka; Mini hakuiona. Wote watatu waliimba. Naye Padre, asiyejulikana kwa uimbaji, alitoa tarumbeta kwa mtoto ambaye wengine wangemfukuza.

Maswali ya kujadiliana
1. Je, kwaya yetu imewahi kuimba juu ya dhuluma iliyopo hapa kwetu? Kama sivyo, tunaogopa nini?
2. Ni mtoto gani mtundu katika mtaa wetu anayengoja tarumbeta yake?
3. Mwimbaji akipata hasara kwa kusema kweli, kanisa limsaidieje?